Darubini ya usiku haitalinda Nyantende

NYANTENDE, Kivu ya Kusini. – Giza likianguka ku milima ya kusini ya Bukavu, watu wanafunga mulango mapema. Kuko wenye wanalala na nguo zao zote, viatu karibu na mukeka, juu wanajua namna mutu anaamka risasi zikianza. Kwa hiyo haishangaze kusikia vijana wakisema: "Tuchange feza, tununue darubini ya usiku. Tutaona wezi mbele hawajafika." Simu inatoka mufukoni, picha inazunguka mikononi: chombo kidogo cheusi, dola 150, chenye muuzaji anasema kinaona mutu ku metre 300 mu giza nene.

Wazo hilo linatoka mu mateso ya kweli, na hakuna mutu mwenye ruhusa ya kulicheka. Lakini ni wazo baya. Litakula feza ya watu wenye hawana feza. Halitazuia wezi kuingia. Na wa kwanza kuumia watakuwa wakimbizi wenye wamepokelewa mu nyumba za hapa. Lazima mambo haya yasemwe waziwazi mbele muchango kuanza, juu kisha feza kutumwa, haitarudi.

Woga wenye una sababu

Tarehe 14 Februari 2025, M23 ilishika uwanja wa ndege wa Kavumu na kuanza kuingia mu Bukavu. Kisha siku mbili muji wote ulikuwa mikononi mwao. Katika siku zile, gereza kuu ya Bukavu ilibaki wazi na wafungwa wakatoka. Depo za chakula na maduka zikaporwa. Askari wenye walikimbia waliacha silaha nyuma, na silaha hizo zikaingia mikononi mwa watu wenye hakuna mutu anajua ni nani. Familia zilihama kutoka kartie moja kwenda ingine, kutoka muji kwenda vijijini, na zingine kutoka vijijini kwenda muji. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili ama tatu.

Kitu kingine kilitokea mu Bukavu wakati ule, na wengi wanapenda kukisahau. Watu wenye walisema ni wezi walikamatwa na kundi, wakapigwa, wengine wakachomwa moto wangali wazima. Hakukuwa kesi wala mushahidi. Mutu alisema "huyu njo mwizi," na ikatosha.

Mutu mwenye anataka kununua darubini ya usiku leo aweke mambo hayo mawili pamoja. Upande mumoja, wezi wenye silaha. Upande mwingine, kundi la watu wenye woga, usiku, wenye wako tayari kuamini kivuli cha kwanza chenye watakiona.

Kuona kitu na kumujua mutu ni mambo mawili

Wauzaji wanaandika "metre 300" kwa herufi kubwa, na wanunuzi wanasoma kama vile imeandikwa "utajua mutu ni nani ku metre 300." Haiko vile hata kidogo.

Mu mwaka wa 1958, mutafiti mumoja wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima jambo hilo. Aliuliza: mutu mwenye kuangalia kupitia chombo anahitaji picha safi kiasi gani ili ajue nini? Akapata ngazi. Ngazi ya chini ni kujua tu kama kuko kitu. Juu yake, kujua ni kitu cha namna gani: mutu, gari, ama mbuzi. Juu zaidi, kujua ni mutu wa namna gani, kwa mufano askari ama raia. Kwa kupanda kutoka ngazi ya chini mupaka ile ya juu, picha inapaswa kuwa safi mara 6 na zaidi.

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya hesabu. Kama chombo kinaona "kitu" ku metre 300, gawa kwa 6.4. Inabaki karibu metre 47. Na hata ku metre 47, chombo hakikuambie kama ni mutoto wa jirani ama ni mugeni. Kinaonyesha tu umbo la mutu na namna anabeba vitu. Sura yake, ile yenye mama yake angeijua, inahitaji karibu zaidi tena. Ku metre 47 mu mashamba ya migomba ya Nyantende, mwizi amekwisha kufika mulangoni.

Sasa waza picha yenyewe. Umbo jeupe, linatetemeka, ku kioo kidogo. Linabeba kitu kirefu. Ni bunduki? Ni jembe? Ni muti wa kuegemea wa muzee mwenye anatafuta choo? Kijana mwenye anashika chombo ana miaka 20, hajalala usiku tatu, na wenzake nyuma wanamuuliza: "Unaona nini?" Atajibu nini?

Na ni nani anatembea usiku mu avenyu na sura yenye watu hawaijue? Si jirani wa miaka 15. Ni mukimbizi mwenye alifika juma lililopita. Mama mwenye anabeba mutoto mwenye homa kwenda hospitali kuu ya Nyantende. Kijana mwenye anarudi kutafuta jamaa wake wenye walipotea njiani. Ni hao darubini itawaonyesha kila usiku, na ni hao watalipa kosa la mwenye kuangalia.

Chombo cha bei ya chini ni cha namna gani?

Kuko namna tatu za vyombo vya kuonea mu giza, na wauzaji wanazichanganya makusudi.

Ya kwanza ni vyombo vya tubu, vyenye vinakusanya mwangaza kidogo wa nyota na mwezi na kuuongeza. Vile vya majeshi ni vya namna hii, na vizuri vinaomba maelfu ya dola. Vile vya kizazi cha kwanza, vya bei ya chini, vinaonyesha katikati vizuri kidogo, lakini pembeni picha inapinda. Taa kali ya gari ama ya toroshi inaweza kuviharibu.

Ya pili ni kamera za joto. Hazihitaji mwangaza, zinaona joto la mwili. Mutu na mbuzi wanangaa wote wawili. Nzuri zinapita kwa mbali muchango wa avenyu yoyote ya hapa, na hazione kupitia kioo cha dirisha.

Ya tatu njo ile ya dola 100 ama 200 yenye iko mu simu za vijana: kamera ya dijitali yenye taa ya infraruji. Katika giza kamili, kamera hiyo haione kitu bila taa yake. Inamulika kwa mwangaza wenye jicho haliuone vizuri, kisha inaangalia kile chenye kimemulikwa. Ni kama toroshi, lakini ya siri. Na siri yenyewe si kamili. Vyombo vingi vya bei ya chini vinatumia mwangaza wa nanometre 850, na taa yake inaonekana kama alama ndogo nyekundu kwa mutu mwenye anaiangalia mbele. Tena kamera za simu nyingi za kawaida zinaona mwangaza huo. Mwizi mwenye anainua simu yake anaweza kujua mulinzi amesimama wapi. Vile vya nanometre 940 vinajificha zaidi, lakini havifike mbali.

Sasa weka chombo hicho mu Nyantende. Wakati wa mvua, kila tone linarudisha mwangaza na kioo kinakuwa cheupe. Ukungu wa asubui unafanya vilevile. Jani la mugomba lenye liko metre 3 mbele linangaa sana na kuficha kila kitu chenye kiko nyuma yake. Taa ya infraruji inakula betri mbio, na kila siku mutu atapaswa kutafuta mahali pa kuijaza, hapa penye watu wengi wanalipa ili simu yao tu iingie umeme.

"Lakini kwa wengine ilisaidia"

Watetezi wa darubini wanasema: mbona walinzi wa nyama za pori wanatumia vyombo hivi na vinawasaidia? Ni kweli. Mu Kenya, mwaka wa 2016, shirika la WWF lilipeleka kamera za joto Maasai Mara, na mu miezi michache wawindaji haramu zaidi ya 20 walikamatwa.

Lakini angalia kile chenye kilikuwa nyuma ya kamera ile. Kulikuwa walinzi wenye walifundishwa na wenye walilipwa, magari na redio. Kulikuwa mipaka yenye kujulikana, na sheria yenye inasema mutu mwenye anakutwa ndani usiku hana ruhusa ya kuwa pale. Na kulikuwa tribinali ya kumupeleka. Kamera ilikuwa sehemu ya mwisho ya kazi kubwa. Hapa watu wanataka kununua sehemu ya mwisho peke yake. Kama kijana wa Nyantende anaona watu 6 wenye silaha wakishuka mulima, ataita nani? Atafanya nini chenye hangefanya bila darubini? Atapiga kelele ili watu waamke. Basi kelele njo kitu chenye kinasaidia, na kelele haiuzwe dola 150.

Mutu wa kushika chombo

Kuko hatari ingine yenye wauzaji hawaiseme. Vyombo vingi vyenye vinauzwa ku intaneti vilitengenezwa ili kufungwa ku bunduki. Vina musalaba wa kulengea ndani ya kioo na mahali pa kukazia chini. Mutu wa avenyu anavinunua juu bei ilishuka, bila kujua ananunua nini.

Tangu tarehe 28 Julai 2003, kwa azimio 1493, Umoja wa Mataifa ulikataza kupelekea vikundi vya silaha vya Kongo silaha na vifaa vyenye kuendana nazo. Majeshi yote yanajua bei ya kuona usiku, na kila mwenye kushika silaha mu Kivu anajua kazi ya chombo kama hicho. Sasa kijana asimamishwe ku barieri na chombo cha kulengea mu mufuko wake. Ataeleza kama ni cha kulinda mbuzi? Upande mumoja utamuita mupelelezi wa wengine, na upande wa pili utasema vilevile. Na kama hakuna mwenye anamukamata, atakuja mwenye anakitaka. Chombo chenye kilinunuliwa ili kufukuza wezi kitakuwa sababu ya wezi kuja, na silaha zao, mu nyumba ya mwenye kukitunza.

Ni haki kuuliza pia: avenyu itamupa nani akitunze? Mutoto wa chefu? Mwenye alitoa feza nyingi? Mwenye kushika darubini atajua nani alitoka usiku, nani aliingia kwa nani, nyumba gani ilipokea wageni. Mu inchi ambamo uvumi mumoja unaweza kuua mutu, hiyo ni nguvu kubwa sana kwa mutu mumoja.

Dola 180 inaweza kufanya nini

Chukua avenyu yenye familia 60, na kila familia itoe dola 3. Ni dola 180. Kwa wengi dola 3 ni chakula cha siku, kwa hiyo kila dola ipewe kazi.

Filimbi 60, nusu dola kila moja: dola 30. Kila nyumba inapata yake, hata ile yenye imepokea wakimbizi, na zaidi sana ile. Taa 6 za jua, dola 15 kila moja: dola 90. Zinawekwa mu makutano ya njia, karibu na choo cha wengi, ku kisima, na ku njia ya hospitali. Toroshi 4 za kujaza umeme kwa wenye wanalala zamu, dola 5 kila moja: dola 20. Inabaki dola 40. Zinatunzwa na mama mumoja na baba mumoja wenye avenyu imechagua, kwa unite za simu na kwa motari mwenye atabeba mugonjwa ama mujeruhiwa saa nane ya usiku. Bei zinapanda na kushuka, lakini hesabu inabaki pale pale: kwa feza ya chombo kimoja cha mutu mumoja, nyumba 60 zinapata kitu.

Mu Bukavu watu wanajua kazi ya kelele. Mara nyingi kartie zilipiga sufuria, filimbi na vuvuzela usiku, nyumba moja ikianza na zingine zikajibu. Mwenye kuiba anategemea mambo mawili: giza na kila nyumba kulala peke yake. Filimbi inamunyanganya yote mawili kwa dakika moja. Lakini lazima watu wapatane juu ya alama zao. Kwa mufano, mupigo mumoja murefu kwa mugonjwa mwenye anahitaji musaada. Tatu mifupi, tena na tena, kwa wezi. Na wote wapatane: filimbi ikilia, hakuna mwenye kutoka na panga kumutafuta "mwizi." Watu wanawasha taa, wanapiga kelele, wanabaki ndani.

Wengine watajibu: "Filimbi haisimamishe risasi." Ni kweli, na darubini haiisimamishe. Wengine watasema: "Taa itaonyesha wezi njia." Lakini mwenye kuvunja nyumba kwa kawaida amekwisha kuipita muchana, na anajua mulango uko wapi. Taa ku makutano ya njia haimusaidie kitu. Inamuonyesha yeye kwa macho 60 ya madirisha, bila betri ya bei na bila musalaba wa kulengea.

Kazi ya kwanza haiombe hata franga moja. Kila nyumba kumi ikutane muchana, na kila familia yenye ilipokea wakimbizi iwasimamishe mbele ya wengine: huyu ni fulani, anatoka fulani, hawa njo watoto wake. Mutu mwenye watu wanamujua muchana hachanganywe na mwizi usiku. Hakuna chombo cha kuuzwa chenye kinafanya kazi hiyo.

Kwa mwenye bado anataka kununua

Kuko watu wachache wenye wanaweza kuwa na sababu: mwenye mifugo mulimani, ama mulinzi wa depo yenye ukuta na mulango mumoja. Kwao maneno ni mafupi. Wasinunue chenye kina musalaba wa kulengea ama cha kufunga ku bunduki. Wachukue cha mukono tu. Wakijaribu usiku, inje, mbele ya kulipa, na kama muuzaji anakataa, waondoke. Wasiulize "kinaona metre ngapi". Waweke mutu mwenye wanamujua ku metre 50 na waangalie kama wanamujua. Wachague chenye kinajazwa kwa shaja ya simu. Wanunue kwa mutu mwenye duka lake liko mahali pamoja, mwenye watamupata kesho. Na wakumbuke kutengeneza namna ya kuwaita watu, juu kuona bila kuita hakusaidie kitu.

Deni lenye haliko la wakaaji

Kuko jambo moja zaidi, na lenyewe ni kubwa kupita dola 180. Kila mara watu wa Nyantende wanachanga feza ili kujilinda, deni linahama kutoka mabega ya wenye wanapaswa kulipa. Mwenye kukamata kodi ku soko na kusimamisha watu ku barieri, jina lake lolote, ana deni la usalama wa usiku kwa watu hao hao. Asifurahi kuona raia wakijinunulia vyombo vya vita ili yeye apumzike.

Na deni la mwangaza liko pia. Muto Ruzizi unatoka mu Ziwa Kivu, hapa hapa Bukavu. Senta ya Ruzizi ya pili, ya shirika SINELAC, inazalisha umeme kwa Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989, na haiko mbali na Nyantende. Lakini nyumba nyingi za milima hii zinawasha kandili na toroshi. Watu wenye wanaishi karibu na maji yenye yanawashia inchi tatu wanaambiwa wanunue chombo cha kuonea mu giza. Vijana wenye wako na nguvu ya kukusanya dola 180 mu juma moja wako na nguvu pia ya kuandika barua moja, kuipeleka kwa chefu na kwa SNEL, na kurudi kuuliza jibu kila mwezi. Hakuna mwenye anasema umeme utafika kesho. Lakini usipoombwa, hautafika hata siku moja.

Kwa hiyo, mbele avenyu kutuma feza kwa muuzaji mwenye hawajamuona sura, ikutane siku ya Mungu kisha misa ama ibada, muchana, pamoja na wakimbizi wote, bamama mbele. Ipige hesabu mbele ya watu. Ipatane juu ya alama za filimbi. Ichague makutano 6 ya njia. Na iandike majina ya wageni wake, si kwa kuwachunguza, lakini ili usiku wakitoka kupeleka mutoto hospitali, mutu aite kutoka dirishani: "Ni wewe, mama fulani? Pita."